Nilienda Lamu kutafuta utulivu, nikarudi nikiuliza habari za twiga wa Soy

Wasee, kwanza mnisamehe. Niliahidi video ya Lamu ya dakika kumi yenye bei ya kila kitu, na wiki tatu zimepita hamjaiona. Video iko. Nimeihariri mara nne, na kila nikimaliza naona inasema kitu ambacho mimi mwenyewe sikiamini. Kwa hivyo leo naandika. Wale wa "ndefu, sijasoma", hakuna ubaya, tutapatana kwa ile nyingine.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni wa Soy. Si Eldoret mjini, Soy yenyewe, barabara ya kwenda Kitale, mahali ambapo mazungumzo yote huanza na mahindi na kuishia kwa bei ya mbolea. Mwisho wa Januari kazi ya shamba imepoa, watu wanangoja kulima. Nikaona huo ndio wakati. Nilikuwa nimechoka, simu imenichosha, kelele imenichosha. Nikasema naenda mahali hakuna gari.

Safari yenyewe ni ya mtu aliyeamua. Matatu hadi Eldoret, basi ya usiku hadi Nairobi, basi nyingine hadi Mombasa, kisha unaanza upya: Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe. Huko njiani kuna vizuizi, mnashuka wote na vitambulisho mkononi, mnapanda tena. Ukifika Mokowe barabara inaingia majini na kuisha. Kuna boti. Unaketi na magunia ya vitunguu, mama na mtoto, na kijana mwenye televisheni ndani ya boksi, na baada ya muda mfupi mji unatokea mbele yako, mweupe, umeketi kandokando ya bahari kana kwamba umeinama kunywa.

Asubuhi ya kwanza nilikula mahamri na mbaazi nikiangalia punda wakipita na mawe ya kujengea. Vichochoro ni vyembamba, ukisikia mwenye punda anapaza sauti nyuma yako unajibanza ukutani. Watu wanakusalimia. Maji wanaita "mai", moja wanaita "moya", na ukisema Kiswahili chako cha Eldoret wanatabasamu kwa heshima. Nikapiga video ya sekunde ishirini, nikaandika juu yake: "Mji ambao umelala tangu zamani."

Ile video ilienda! Wengine mliuliza kama hiyo ni Jamaika. Mmoja akasema inakaa Karibiani. (Swali la kando: kwa nini sisi Wakenya tunapima kisiwa chetu kwa visiwa ambavyo hatujawahi kukanyaga?) Wengi waliandika "hao watu hawana stress", na mimi nikabonyeza mioyo.

Siku ya tatu nilimwonyesha nahodha aliyekuwa akinibeba kwa mashua yake. Mzee wa makamo, kofia ya kufuma, sauti ya chini. Alisoma yale maneno pole pole, akanirudishia simu.

"Nani kalala?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Wewe umeamka saa ngapi leo?"

"Saa tatu hivi, mzee."

"Basi aliyelala ni wewe, mwanangu. Mimi nimeswali alfajiri, nimeenda kuvua, nimeuza samaki, nimerudi, nimelala kidogo, sasa nimeamka kukubeba wewe."

Hiyo video nimeifuta. Na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya hii kuchelewa.

Sababu ya pili ni pesa. Baada ya ile video kwenda, dalali mmoja alinitumia ujumbe. Alikuwa na viwanja, alisema, karibu na yale matuta ya mchanga ya Shela, na alitaka video ya dakika moja: mimi natembea juu ya mchanga, jua linazama, maneno yanasema mwonekano wa bahari. Shilingi elfu arobaini. Mimi nilikuwa nimebaki na elfu sita na nauli ya kurudi. Sitadanganya hapa, nilimjibu "tuongee".

Jioni hiyo nikapanda matuta. Ufuo wa Shela ni kama kilomita 12 za mchanga mtupu, na nyuma ya ufuo mchanga unapanda ukawa vilima vyenye majani machache machache. Ukisimama juu unaona mlango wa bahari, Manda ng'ambo, na upande wa pili mchanga tu hadi macho yachoke. Hakuna kitu. Nikajisemea, elfu arobaini kwa kupiga picha ya mahali ambapo hakuna kitu, hiyo ni kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kupewa.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Takwa, na huko ndiko nilikopata somo, kwa hivyo nikae hapo kidogo.

Takwa iko kisiwa cha Manda. Huendi saa unayotaka wewe, unaenda saa maji yamejaa, kwa sababu njia ni mkondo unaopita katikati ya mikoko, na maji yakipwa mnabaki mmekaa kwa tope mkiangaliana na kaa. Mikoko sikuwahi kuielewa hadi siku hiyo. Mbegu ya aina moja huota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake, inashuka tayari ina mguu, inajidunga kwa tope. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Na zile nyumba za kale za mjini, ukishangaa kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba, jibu ni boriti: dari inashikiliwa na miti ya mikoko, na upana wa chumba unaishia pale boriti inapoishia. Msitu ndio uliopima nyumba. Nimefikiria hilo hadi leo.

Takwa yenyewe ni mji uliokufa. Ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, ukaachwa. Kuna ukuta, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kaburi lenye nguzo nje ya ukuta, mibuyu mikubwa, na kimya kingine kabisa, si kile cha mjini. Nikamuuliza nahodha kwa nini waliondoka. Wataalamu hawakubaliani, wako wanaosema ni ugomvi na watu wa Pate. Yeye alisema kile alichosikia kwa wazee wake, na wako wanahistoria wanaosema hivyo hivyo: visima viligeuka chumvi. Watu wakavuka maji wakahamia Shela. Hadi leo watu wa Shela hurudi pale kaburini kuomba dua ya mvua.

"Na Shela maji yanatoka wapi?" nikauliza, kwa kuongea tu.

Akanyoosha kidole ng'ambo, kwa yale matuta ambapo jana yake niliona hakuna kitu.

Sasa sikizeni vizuri, maana hii mimi sikujua, na nimesoma jiografia hadi kidato cha nne. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitiririki, inazama. Inachujwa ikishuka, inakusanyika chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, yanaelea juu ya yale ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa. Visima vya Shela vinachota hapo, na maji hayo ndiyo yanayopelekwa mjini Lamu. Ukichota kupita kiasi, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya mchanga, ukaweka sakafu na choo na shimo la maji taka, unajua mwenyewe. Kisiwa kizima kinakunywa kutoka kwa ule mchanga. Mtu akikuuzia kiwanja hapo anakuuzia kifuniko cha tangi la jirani zake.

Nilimwandikia dalali usiku huo kwamba sitafanya. Hakukasirika. Alisema atapata mwingine, na nina hakika amepata, pengine mnamfuata. Msinifanye shujaa. Kama mashua ingechelewa siku moja, mngekuwa mmeona sura yangu ikiuza kile kifuniko.

Ndiyo maana lile neno "umelala" linaniudhi sasa. Mji uliolala ungekuwa umeshauzwa kitambo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, sawa, lakini cheti hakilindi kitu peke yake. Wakati ulikuja mpango wa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 hapo bara, ni wakaazi walioupeleka mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Bandari mpya ya Lamu ilipojengwa, wavuvi walienda Mahakama Kuu, na mwaka wa 2018 ikaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Bandari ilijengwa bado, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na wavuvi niliokaa nao wana malalamiko yao. Lakini hao watu mnaosema hawana stress, wana mafaili ya kesi ndani ya nyumba.

Hata bodaboda. Serikali ya kaunti ilizipiga marufuku ndani ya mji wa kale. Mimi ndugu yangu ni mwendeshaji bodaboda, stendi ya Soy wanamjua, kwa hivyo sikufurahia haraka haraka kama mgeni wa kawaida. Nikamtafuta kijana wa rika langu nimsikie. Nilimkuta gatini, anabeba mizigo. Aliniambia hivi, na niliandika papo hapo:

"Ndugu yangu, wewe huu utulivu unaupenda wiki moja. Mimi nimeishi nao miaka ishirini na minne na sina kazi. Ukipiga video zako, piga na mfuko wangu."

Sikuwa na jibu. Bado sina lililokamilika. Lakini mtu anayeandika habari za Lamu bila kumsikia huyo kijana anauza kadi ya posta. Mimi nadhani ana haki ya kudai kazi, na pia nadhani kazi haitapatikana kwa kumwaga saruji juu ya maji ya mama yake. Yote mawili nayasema kwa mdomo mmoja, na kama mnaona yanagongana, hata mimi nayasikia yakigongana.

Sasa, twiga.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia kogo, nyanya yangu, haya yote. Amepita miaka themanini, yeye huketi kwa jua asubuhi akichambua maharagwe. Nilipofika kwa matuta ya mchanga na kwamba niliona "hakuna kitu", akacheka.

"Hapa pia walisema hakuna kitu," akasema. "Kulikuwa na twiga."

Nilikuwa nimesikia kama hadithi. Nikaenda kusoma, na ni kweli, imeandikwa. Miaka ya 1970 kulikuwa na ranchi ya ekari 18,000 hapa Soy, na ndani yake twiga wa Rothschild kama 120, aina ambayo wakati huo ilikuwa karibu kwisha Kenya. Ranchi ilikuwa inaenda kugawanywa ili watu wasio na ardhi wapate mahali. Mwaka wa 1974 mume na mke, Jock na Betty Leslie-Melville, walimchukua mtoto wa twiga kutoka hapa wakamlea kwao Lang'ata, Nairobi. Wakamwita Daisy. Kutokana na huyo kikaja kile kituo cha twiga cha Lang'ata ambacho kila shule ya Kenya imekitembelea, kilichofunguliwa kwa umma mwaka wa 1983. Twiga wengine wa Soy walihamishwa, wakiwemo walioenda mbuga ya Ziwa Nakuru na Ruma.

Mnajua nilichokumbuka? Darasa la sita. Shule yetu ilikodi basi, tukatoka Soy usiku tukiimba, tukafika Lang'ata asubuhi tumevimba miguu, tukalipa, tukapanga foleni kulisha twiga. Ulimi wake ukanigusa kiganja, nikapiga kelele. Mwalimu hakutuambia, na pengine hakujua, kwamba tumesafiri usiku kucha kwenda kuona majirani zetu wa zamani.

Kuna wale watakaosema nalilia wanyama huku babu yangu alipata shamba. Hapana. Kogo alikuja hapa bila kitu. Ekari zetu ndizo zilizonisomesha, simu hii ninayoandikia ilinunuliwa na mahindi. Kogo mwenyewe hana huruma ya kupita kiasi kwa wale twiga: "Walikuwa wanavunja fensi na kuchungulia juu ya paa kama polisi." Mimi siulizi kwa nini watu walipewa ardhi. Nauliza kwa nini hakuna aliyesema tubakishe kipande. Katika ekari 18,000, ekari 500 ni chini ya asilimia 3. Ekari 500 tu, na leo hayo mabasi ya shule yangekuwa yanakuja upande huu, wakinunua maziwa na mahindi ya kuchoma, na ndugu yangu angekuwa anabeba watalii kwa bodaboda badala ya kupigania abiria wa shilingi hamsini.

Hilo ndilo nililoliona Lamu na ndilo video haikuweza kulisema kwa muziki. Wao bado wana kipande ambacho hakijauzwa: mchanga, mikoko, mji usio na gari. Wanakigombania kila mwaka na pengine siku moja watashindwa. Sisi hapa tuliuza chote, halafu tunapanda mabasi matatu na boti moja kwenda kuangalia cha wenzetu tukisema wamelala.

Kwa mnaoenda, na nataka muende: tafuteni nahodha wa hapo hapo na muulizeni maji yanajaa saa ngapi kabla ya kupanga kitu. Vaeni vizuri mjini, mji ni wa watu wa dini. Salimieni kabla ya kutoa simu. Kina mama msiwapige picha kama hawajakubali. Maji ya kuoga tumieni kidogo, sasa mnajua yanatoka wapi. Na mkipewa pesa kuuza kiwanja cha mchangani, mimi nimeshawaambia.

Video itatoka Ijumaa. Ni ya dakika saba, si kumi, na bei ziko mwishoni.

Ila kabla ya Ijumaa kuna jambo lingine, na ndilo limenikosesha usingizi kuliko uhariri. Chini ya shamba letu kuna swampu ya kama ekari moja na nusu. Hailimiki. Kuna chemchemi pembeni ambayo haijawahi kukauka, hata mwaka ule Kiangazi kilipotupiga, na nyumba saba zinachota hapo. Asubuhi wanakuja kong'ony, wale korongo wenye taji, wawili wawili, wanatembea kama wazee wa kanisa. Baba mdogo amepata mnunuzi. Mpango ni kuchimba mitaro, kupanda mikaratusi, ile sisi tunaita blugamu, ikaushe maji, kisha kukata viwanja vya hamsini kwa mia, kwa sababu barabara iko karibu. Nilipomuuliza alinijibu neno lile lile.

"Si pale hakuna kitu?"

Hati iko kwa jina la kogo, na yeye bado hajasema ndiyo wala hapana. Nilimuuliza, akaniambia nichambue maharagwe.

Jumapili baada ya kanisa tunakaa sote chini ya mparachichi. Baba mdogo, najua unasoma huu ukurasa hata kama hubonyezi chochote. Njoo na karatasi ya bei ya huyo mtu wako. Mimi nitakuja na chupa ya maji ya ile chemchemi, na nimeshaongea na nyumba zingine sita, nao wanakuja na zao.